Kima Aliyevishwa Shela

Kila asubuhi Bi Shemsa alimimina chai katika ukumbi wa nyumba yake, Miembeni. Alimmiminia mumewe, Machano. Alimmiminia binti yao, Tabia. Kisha alimmiminia kima katika kikombe cha bati, akamkatia na kipande cha mkate wa boflo. Kima alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, na mnyororo kiunoni. Alishika kikombe kwa mikono miwili, akanywa kama mtu. Majirani waliopita mlangoni walimsalimia Bi Shemsa, kisha walimsalimia na kima.

Jina lake kima huyo lilikuwa Biarusi. Jina hilo lilitokana na kazi yake. Jioni Machano alichukua kigoma chake, akaenda naye Darajani. Huko kima alivishwa gauni jekundu na shela nyeupe. Kigoma kikilia, alisimama kwa miguu miwili. Alijitazama kwenye kioo kidogo. Kisha alijifunika uso kwa shela, kama biarusi anayeona haya. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Halafu kima alizungushwa kwa watu akiwa na kikapu, na kila mtu alitia alichojaaliwa.

Gauni na shela alivishona Bi Shemsa mwenyewe. Alikuwa mshonaji wa kofia, na mkono wake ulisifiwa mtaani. Watu walipomwambia kwamba kima wake amependeza, alifurahi. Lakini furaha ile haikukaa. Kulikuwa na mambo ambayo Bi Shemsa aliyajua, na alipenda kutoyafikiri.

Zamani Machano alikuwa mchukuzi bandarini. Mgongo ukamharibikia, akaacha kazi. Siku moja alifuatana na wasasi kwenda kusini, katika vichaka vya Muyuni. Wasasi huwinda kima kwa sababu kima hula mazao ya wakulima. Machano alirudi na mtoto wa kima ndani ya kapu. Alikuwa mdogo sana, macho yake makubwa kuliko uso. Machano alimweleza mkewe kila kitu. Mama wa kima alipigwa akaanguka kutoka mtini, na mtoto alikuwa bado amemng'ang'ania kifuani. Walimbandua kidole kimoja kimoja.

Tabia aliambiwa kwamba kima aliokotwa njiani.

Bi Shemsa ndiye aliyemlea. Alimnywesha maziwa kwa kitambaa. Alimfunga kwa kanga kifuani, akashona kofia huku kima amelala. Akimweka chini, kima alilia. Kwa hiyo hakumweka chini. Wakati ule nyumba nzima ilimcheka, ikamwambia kwamba amepata mtoto wa pili.

Kima alipokua kidogo, Machano alisema kwamba kila anayekula katika nyumba ile ni lazima afanye kazi. Akaanza kumfundisha uani. Alimfunga kamba shingoni, akaipitisha juu ya boriti, akaivuta. Kima alisimama kwa miguu miwili kwa sababu asiposimama angenyongwa. Hakupewa chakula mpaka acheze. Meno yake marefu ya pembeni yalipoanza kuota, Machano aliyavunja kwa koleo, ili asije akauma watu. Siku hiyo Bi Shemsa alimchukua Tabia, akaenda naye kwa jirani. Aliporudi, aliosha damu sakafuni. Hakuuliza kitu.

Basi mambo yakaendelea hivyo mpaka sikukuu ya Idi ya Mfunguo Mosi, mwaka wa sita baada ya Mapinduzi.

Siku ya pili ya sikukuu, viwanja vya Mnazi Mmoja vilijaa watu. Watoto walikuwa na nguo mpya na filimbi. Machano alimchezesha kima tangu alasiri. Kila kundi moja likiondoka, jingine lilikuja. Kima alichoka. Alikataa kusimama. Machano alivuta mnyororo, na mtoto mmoja akavuta mkia. Shela ikamwanguka kima usoni. Tabia alizoea kuitengeneza. Aliinama, akanyoosha mkono.

Kima akamuuma mkononi.

Bi Shemsa alikuwa karibu, anawanunulia watoto wa jirani juisi ya ukwaju. Alimsikia mwanawe kabla hajamwona. Alipofika, damu ilikuwa ikitiririka mpaka kiwikoni. Watu walikuwa wakisema mambo mengi kwa pamoja. Mmoja alitaka kidonda kitiwe unga wa kahawa. Mwingine alikwenda kutafuta mafuta ya taa. Wanaume wawili walishika magongo wampige kima. Machano alikuwa amelala juu ya kima, amemkinga kwa mwili wake.

Hapo akapita mtu mmoja katikati ya watu. Alikuwa Gharib, bwana mifugo, aliyekaa mtaa wa Kikwajuni. Bi Shemsa alimjua kwa sura tu.

"Msitie kahawa," alisema Gharib. "Wala mafuta ya taa. Leteni sabuni na maji, maji mengi."

Walimpeleka Tabia kwenye bomba. Gharib alifungua maji yakawa yanapita juu ya kidonda. Alikiosha kwa sabuni, akakisuza, akakiosha tena. Tabia alilia, lakini Gharib hakufanya haraka. Alimweleza Bi Shemsa kwamba mate ya mnyama yanaweza kuwa na maradhi. Maji yanayopita na sabuni huyaondoa mengi yake. Unga wa kahawa huyafungia ndani. Na hata kidonda kikiwa kidogo, mtu aliyeumwa na mnyama lazima aende hospitali siku hiyo hiyo.

Mwenye gongo alikuwa bado anasubiri. Gharib alimgeukia.

"Kumpiga hakumponyi mtoto," alisema. "Na akifa leo, hatutajua kama alikuwa mgonjwa. Afungiwe, aangaliwe."

Huko hospitali, Tabia alidungwa sindano ya pepopunda, na mkono ukafungwa bendeji. Daktari alisema kwamba kima aangaliwe kila siku. Akiacha kula, au akibadilika tabia, Tabia arudishwe mara moja ili aanze sindano nyingine.

Kwa hiyo Gharib alikuja nyumbani kila siku kumwangalia kima. Alipofika mara ya kwanza alipiga hodi, akakaribishwa, akaulizia hali ya mtoto kwanza. Machano alikuwa amekaa kwenye mkeka, kichwa chini, anangoja kugombezwa. Gharib hakugomba. Aliomba kima avuliwe gauni, ambalo bado alikuwa nalo tangu sikukuu.

Bi Shemsa alisita. Gauni lile alilishona na marinda mengi kiunoni. Marinda yale hayakuwa pambo. Aliyatia ili watu wasione kilichokuwa chini yake. Alimvua kima polepole. Mnyororo uliofungwa alipokuwa mdogo haukuwahi kupanuliwa. Kima alikua, mnyororo haukukua. Nyama ilikuwa imeota juu ya chuma.

Gharib aliupapasa mnyororo. Kisha alitazama kinywa, akaona visiki vya meno. Alitazama tumbo lililovimba na manyoya yaliyonyonyoka.

"Tunampenda, bwana," alisema Machano. "Anakula tunachokula sisi. Chai, mkate, wali. Hajalala na njaa."

"Hayo ndiyo yanayomuumiza," alijibu Gharib. "Kima ni wa kula majani, matunda na wadudu. Sukari na mkate humharibu tumbo na meno."

Alieleza mambo mengine pia, taratibu, kama mtu anayezungumza na jamaa zake. Alisema kwamba mtu mwenye kikohozi anaweza kumwambukiza kima, na kima anaweza kumwambukiza mtu. Kumlaza mnyama wa mwituni katika nyumba yenye watoto si salama kwa upande wowote. Alisema pia kwamba kima anapokuwa mdogo hukubali mambo mengi. Akishakuwa mkubwa huanza kuuma, hata akilelewa vizuri namna gani. Si kwa ubaya. Ndivyo alivyo.

Tabia alikuwa amekaa mlangoni, mkono umefungwa. Alisema kwamba Biarusi hakuwa mkali, kwani kila siku alikuwa akicheka.

"Alikuwa anacheka vipi?" Gharib alimuuliza.

Tabia alivuta midomo nyuma, akaonesha meno yake yote.

"Hicho si kicheko, mwanangu," alisema Gharib. "Kima akitoa meno hivyo, anaogopa. Anaomba asipigwe."

Bi Shemsa aliweka chini sindano yake ya kushonea. Alikumbuka jioni zote za Darajani. Alikumbuka watu wakisema, mtazame anavyocheka. Na yeye mwenyewe alisema hivyo.

Tabia alimtazama kima. Kisha akasema, "Basi tumrudishe kwa mama yake."

Bi Shemsa alingoja mumewe ajibu. Machano aliangalia mkeka. Mwisho Bi Shemsa akaona kwamba jambo hili pia litaoshwa na yeye.

"Mama yake aliuawa, Tabia," alisema. "Ndipo yeye akapatikana. Na sisi tulijua."

Mtoto hakulia. Alimtazama baba yake, kisha akamtazama mama yake, akainuka akaenda chumbani. Bi Shemsa angependa alie.

Machano alisema kwamba kesho atampeleka kima porini amwachie, jambo liishe. Gharib alimkataza. Alimwambia kwamba kima yule hajui majani ya kula na yale ya kuacha. Hajui kukimbia mbwa. Haogopi watu, kwa hiyo ataingia katika nyumba ya kwanza atakayoiona, na huko atauawa. Kumwachia hivyo ni sawa na kumtupa. Kwanza atibiwe, halafu afundishwe upya yale ambayo mama yake angemfundisha. Gharib alikuwa na rafiki yake, Matar, aliyefanya kazi ya misitu huko Jozani. Matar alikuwa amejenga banda kubwa la waya ukingoni mwa msitu kwa ajili ya wanyama walioumia.

"Lakini mwanzoni atahitaji mtu anayemwamini," alisema Gharib. "Bila ya hivyo hatakula."

Machano aliuliza watakula nini wao. Lilikuwa swali la haki, na halikujibiwa siku ile. Siku chache baadaye Hamad, jirani yao fundi wa viatu vya makubadhi, alimwambia kwamba kukata ngozi ni kazi ya kukaa na haitaki mgongo. Machano alikwenda kujaribu. Alikaa pale akijifunza, mwanamume mzima pamoja na vijana, na hakulalamika.

Siku za kumwangalia kima zilikwisha, na hakuonesha maradhi. Tabia akapona, ila alama ilibaki. Ndipo Gharib akaja na dawa na msumeno mdogo wa chuma. Bi Shemsa alimpakata kima, akamfunika macho kwa kanga. Kuukata mnyororo kulichukua muda mrefu. Kima hakumuuma. Alishika kidole chake Bi Shemsa mpaka mwisho, na hilo lilimuumiza Bi Shemsa kuliko kama angemuuma.

Kidonda cha kima kilipoanza kukauka, Bi Shemsa alifuatana naye mpaka Jozani. Alifikia kijiji cha Pete, kwa shangazi yake, Bi Mwanakheir. Kila asubuhi alikwenda kwa miguu mpaka kwenye banda.

Matar alikuwa mtu wa maneno machache. Alimpa masharti. Asilete chai wala mkate. Asimvishe kima kitu chochote. Asimwite jina. Aingie, aweke majani na matunda juu ya matawi, si chini, ili kima ajifunze kupanda. Kisha akae kimya. Siku zikienda, akae mbali zaidi.

Kima hakujua kula majani. Aliyanusa, akayaacha. Alimfuata Bi Shemsa pembe zote za banda. Alikonda. Asubuhi moja Bi Shemsa alimkuta amekaa katikati ya banda. Kima alipomwona, alisimama kwa miguu miwili. Alichukua jani pana la mti wa mkungu, akaliweka kichwani. Akalishusha usoni. Akaanza kuzunguka.

Kigoma hakikuwapo. Hakuna aliyemwamuru. Alikuwa na njaa, na hiyo ndiyo njia pekee aliyofundishwa ya kuomba chakula.

Bi Shemsa alikuwa amefunga kipande cha boflo katika pembe ya kanga yake. Alikuwa amekificha kwa siku ile ambayo hataweza kuvumilia. Alianza kufungua fundo. Matar alimwona kutoka nje ya waya.

"Ukimpa sasa, Bi Shemsa, utamfundisha kwamba kucheza kunalisha," alisema. "Atacheza mpaka afe."

Bi Shemsa alifunga fundo tena. Alitoka bandani, akakaa chini nyuma ya mti, akalia kwa kuzuia sauti. Aliililia shela. Aliyalilia marinda. Alijililia mwenyewe, yule wa siku ile, aliyempeleka mtoto wake kwa jirani ili asisikie, akamwacha mwingine uani.

Hata hivyo, kima wengine walikuwapo juu ya miti. Kundi la mwituni lilikuwa likipita karibu na banda, likimtazama mwenzao kwa mshangao. Walikula majani machanga na kuangusha matunda ya kungu yaliyotafunwa nusu. Kima wa bandani alianza kuwaangalia. Siku moja alikula jani lile lile walilolila wao. Siku nyingine alionekana anapasua kungu kwa meno ya nyuma, kwa shida, kwa sababu meno ya pembeni hakuwa nayo. Zambarau zilipoiva, alizila mwenyewe juu ya tawi, midomo ikawa myeusi. Hakumtazama Bi Shemsa kabisa. Bi Shemsa alirudi Pete jioni ile akamhadithia shangazi yake, na sauti yake ilikuwa na furaha na uchungu pamoja.

Siku ya kufungua banda ilifika. Matar alisema wazi kwamba hana uhakika. Kima aliyelelewa na watu mara nyingi hapokelewi na wenzake. Wengine hurudi kwa watu. Wengine hufa. Kisha akaufungua mlango wa waya, wakakaa mbali.

Kima alitoka. Alitazama msitu. Kisha aligeuka, akaja mbio kwa Bi Shemsa, akapanda mapajani pake, akang'ang'ania kanga kifuani kama alipokuwa mdogo.

"Mfukuze," alisema Matar.

"Siwezi."

"Ukimbeba leo, atamwendea na mtu mwingine kesho. Yule mwingine hatambeba."

Bi Shemsa alimbandua. Alianza mkono mmoja, halafu wa pili. Alimweka chini, akapiga makofi, akapiga kelele. Kima alirudi nyuma hatua chache, akasimama. Bi Shemsa aliokota donge la udongo, akamtupia. Likamgonga begani. Kima alivuta midomo nyuma, akamwonesha meno yote. Safari hii Bi Shemsa alijua maana yake. Aliokota donge jingine, akatupa.

Kima akaingia msituni.

Bi Shemsa alirudi mjini. Machano alikuwa ameshajua kukata soli na kushona kanda. Maisha yao yalikuwa ya kubana, lakini watu wote wakati ule walikuwa wakibana. Darajani, wapitanjia walimuuliza Machano Biarusi yuko wapi, mbona hawamwoni. Mwanzoni alijibu kwa mkato tu. Baadaye alianza kuwaambia ukweli. Aliwaambia kwamba yule kima hakuwa akicheka, alikuwa akiogopa, na kwamba hakuna kima anayecheza bila ya kupigwa kwanza. Wengine walisema kwamba amepoteza riziki yake kwa upumbavu. Machano aliendelea kushona makubadhi.

Siku moja msasi aliyemfahamu alikuja na mtoto wa kima ndani ya kapu. Machano hakununua. Lakini hakumwacha msasi aondoke pia, kwa sababu angempata mwingine wa kumuuzia. Alifunga kazi, akafuatana naye mpaka kwa Gharib, ili mtoto yule aachwe mikononi mwake. Njiani alimweleza yale aliyoyaona nyumbani kwake. Msasi alisikiliza, akasema kwamba wakulima wana haki ya kulinda mashamba yao. Machano alikubali. Akamwambia kwamba kulinda shamba ni jambo moja, na kumfunga mtoto mnyororo ni jambo jingine.

Habari za kule Jozani zililetwa na Matar kila alipokuja mjini. Kima alipigwa na wenzake, sikio moja likachanika. Alikula wa mwisho, baada ya wote kushiba. Kisha Matar alisema kwamba jike mmoja mzee ameanza kumchambua manyoya. Bi Shemsa aliuliza kama meno yataota. Matar alisema hapana. Hilo halitarudi.

Mwaka uliofuata Bi Mwanakheir aliugua, na Bi Shemsa alikwenda Pete na Tabia kumtazama. Gari liliwashusha barabara kuu, wakatembea kando ya msitu. Tabia alikuwa ameomba mara nyingi kupelekwa kumwona kima wao, na kila mara mama yake alikataa. Alimwambia kwamba kima yule akiwasahau atakuwa salama zaidi. Tabia aliuliza kama na wao wamsahau. Bi Shemsa alimjibu kwamba hapana. Wao wamkumbuke.

Sasa matawi yalitikisika mbele yao. Kima walianza kuvuka barabara, mmoja baada ya mwingine, wakubwa na wadogo, wengine na watoto wamewang'ang'ania tumboni. Bi Shemsa alisimama. Aliushusha ukaya wa buibui lake juu ya uso, akageukia upande wa pili, asije akatambuliwa. Alisimama hivyo, mgongo kwa msitu, anasikiliza majani.

"Umemwona?" alimuuliza mwanawe kwa sauti ndogo.

Tabia aliangalia mpaka wa mwisho akapanda mtini.

"Wako wengi, mama," alisema. "Wote wamefanana. Simjui yupi."

Bi Shemsa alishusha pumzi. Alimshika mwanawe mkono, wakaendelea na safari.